Nani mtoro? Kisa cha dozi ya kifua kikuu Tanzania

Kwenye kliniki za kifua kikuu (TB) kuna neno linalotamkwa kama vile halina makali: mtoro. Mgonjwa aliyeanza dawa kisha akaacha kuja huandikwa mtoro, sawa na mwanafunzi aliyekwepa shule au askari aliyekimbia kambi. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilibadilisha istilahi zake rasmi, na mtu huyo sasa huitwa aliyepotea katika ufuatiliaji. Midomoni neno la zamani halijafa. Ninalianzia hapa kwa sababu kisa ninachokichambua, cha namna Tanzania ilivyojifunza kuwafikisha wagonjwa mwisho wa dozi, kwa sehemu kubwa ni kisa cha lawama kuhama. Ilitoka kwa mgonjwa aliyekimbia, ikaiendea huduma iliyokuwa haijui hata kwamba amekimbia.

Miezi 12

Katikati ya miaka ya 1970 dawa zilikuwepo. Streptomaisini ilikuwa na umri wa miaka 30 na zaidi, isoniazidi ilianza kutumika mwaka 1952, na tangu 1959 utafiti wa Madras, India, ulikuwa umeonyesha kuwa mgonjwa anayetibiwa akiwa nyumbani hupona sawa na yule aliyelazwa sanatoria, yaani hospitali maalumu ya wagonjwa wa kifua kikuu. Dozi ya kawaida ilikuwa ya mwaka mzima: sindano za streptomaisini mwanzoni, kisha vidonge vya isoniazidi na thiasetazoni hadi mwisho. Bei yake ilikuwa ndogo, nchi maskini iliimudu. Lakini kati ya wagonjwa 100 waliotibiwa kwa mtindo huo, waliopona walikuwa takriban 40.

Ugumu wa kumaliza dozi ya TB hautokani na ukali wa dawa peke yake. Unatokana pia na wema wake. Wiki chache tu baada ya kuanza, kikohozi hupungua, homa za jioni hukatika, mashavu yanarudi. Vijidudu vinavyozaliana kwa kasi vimekufa. Vilivyobaki ni vile vilivyolala, na kuvimaliza hivyo ndiko kunakohitaji miezi. Mwilini hakuna kinachomwambia mgonjwa kwamba bado anaumwa, ila shamba linamwambia mengi. Mvua za kwanza zikishuka, mtu anayejisikia mzima yuko na jembe, hayuko kwenye benchi la zahanati akingoja vidonge vya ugonjwa asiousikia.

Halafu kuna njaa. Dawa ikianza kufanya kazi hamu ya kula inarudi kwa kishindo, na nyumba ambayo mlezi wake amelala miezi kadhaa bila kazi mara nyingi haina cha kuweka mezani. Watu husema "dawa hizi zinataka chakula," na wako sahihi kabisa: kumeza lundo la vidonge tumbo likiwa tupu kunachefua. Mtu anaacha, na yule anayemwandika mtoro hajawahi kumuuliza alikula nini jana.

Kibaya zaidi, matibabu nusu si nusu ya faida. Mgonjwa asiyetibiwa kabisa huishia, mara nyingi, kufa. Aliyetibiwa nusu hupata nguvu ya kutosha kuishi, kutembea, kupanda basi na kukohoa miaka mingine, pengine akiwa na vijidudu vilivyokwisha kuizoea dawa. Huduma ya hovyo inaweza kuacha kijijini vyanzo vingi vya maambukizi kuliko kama isingekuwepo. Hoja hii ilisisitizwa sana na daktari ambaye jina lake halitenganishwi na kisa hiki.

Mzee wa takwimu

Karel Styblo alizaliwa mwaka 1921 katika nchi iliyokuwa Chekoslovakia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alifungwa katika kambi ya Wanazi ya Mauthausen, na TB akaipata huko. Baadaye akawa daktari na mtafiti wa maambukizi ya ugonjwa uleule, akahamia Uholanzi, na kupitia Umoja wa Kimataifa dhidi ya Kifua Kikuu akaja kufanya kazi na Wizara ya Afya ya Tanzania. Mwaka 1977 Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianzishwa.

Kuunganishwa kwa ukoma na kifua kikuu huonekana jambo dogo, lakini ndimo busara ya kwanza ilimokaa. Magonjwa yote mawili yana vijidudu vya ukoo mmoja, dozi ndefu, na aibu ileile ya mtaani. Mtu mmoja mwenye pikipiki anaweza kuyafuatilia yote mawili. Mtu huyo akawa mratibu wa wilaya, na juu yake mratibu wa mkoa. Si madaktari bingwa. Wengi walikuwa matabibu wa kawaida, na kazi yao kubwa haikuwa kutibu. Ilikuwa kuzunguka: kuangalia dawa zipo, hadubini inafanya kazi, kadi zimejazwa, na fulani ambaye hajaonekana yuko wapi.

Styblo hakukuta uwanja mtupu. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 serikali ilikuwa imesukuma zahanati na vituo vya afya hadi vijijini, na kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973 ilikuwa imewazoesha watu kukaa chini ya mti mbele ya redio wakijadili vyoo na malaria. Zahanati zilikuwa duni, wakati mwingine chumba na kabati, lakini zilikuwepo. Nadhani masimulizi mengi ya nje husahau hili. Humsifu mtaalamu na kuuruka uamuzi wa kisiasa uliompa mahali pa kuwekea mfumo wake.

Daftari

Kama ningeambiwa nichague kitu kimoja katika mpango ule, nisingechagua dawa. Ningechagua daftari.

Kila mgonjwa aliyegunduliwa aliandikwa katika daftari la wilaya kwa jina, namba, kituo, majibu ya makohozi na tarehe ya kuanza. Mpaka hapo hakuna jipya, kila hospitali ina daftari. Upya ulikuwa katika namna ya kufunga hesabu. Wote walioandikwa katika robo moja ya mwaka, tuseme Januari hadi Machi, walihesabiwa kuwa kundi moja. Muda wao wote wa matibabu ukishapita, mratibu alilirudia kundi lile na kumweka kila mmoja katika sanduku moja kati ya sita: amepona kwa kipimo, amemaliza dozi bila kipimo cha mwisho, matibabu yameshindwa, amefariki, ametoroka, amehamishiwa kwingine. Jumla ya masanduku sita lazima ilingane na idadi ya walioanza.

Aliyewahi kuwa mweka hazina wa kamati ya harusi anajua uzito wa sharti hilo. Hairuhusiwi kusema tu "tumekusanya nyingi". Kila mchango lazima uwe mahali. Hospitali zilikuwa zimezoea kutangaza idadi ya waliotibiwa, na idadi hiyo hupendeza daima kwa sababu haimtaji aliyeondoka. Daftari la makundi lilimrudisha mtu huyo mezani. Akikosekana miezi 2 mfululizo alihesabiwa mtoro, na idadi ya watoro wa wilaya ilipanda hadi mkoani na kutoka mkoani hadi wizarani kila robo mwaka. Wilaya yenye watoro wengi haikuweza kujificha nyuma ya wilaya jirani, na mratibu wake aliulizwa. Kwa mara ya kwanza utoro ulikuwa alama ya mtihani ya huduma.

Daftari hilohilo ndilo lililoagiza dawa. Idadi ya wagonjwa wa robo iliyopita ilitumika kukokotoa dawa za robo ijayo, pamoja na akiba. Mgonjwa aliyetembea saa tatu akaambiwa dawa zimeisha, njoo wiki ijayo, akirudi nyumbani asirudi tena, nani katoroka hapo? Swali hilo haliko katika fomu, lakini mfumo ulilijibu kwa kuhakikisha stoo na kliniki zinasoma karatasi moja.

Na makohozi yalipimwa tena mwisho wa mwezi wa 2, wa 5 na mwishoni kabisa, kwa hadubini, kipimo kilichowezekana hata wilayani. Neno "amepona" halikutegemea macho ya muuguzi wala unene wa mgonjwa.

Kitanda cha miezi 2

Sasa dawa yenyewe. Majaribio yaliyofanywa Afrika Mashariki pamoja na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 yalikuwa yameonyesha kuwa rifampisini inaweza kufupisha matibabu sana. Lakini rifampisini ilikuwa ghali, na kosa la kuigawa ovyo lingeharibu dawa bora kuliko zote. Wataalamu wengi walisema nchi maskini zisiiguse.

Styblo na wenzake wa Tanzania walifanya hesabu tofauti. Dozi iliyopitishwa ilikuwa ya miezi 8: miezi 2 ya streptomaisini, rifampisini, isoniazidi na pirazinamidi, kisha miezi 6 ya thiasetazoni na isoniazidi zilizo nafuu. Rifampisini isimezwe hata siku moja bila mhudumu kushuhudia. Na kwa kuwa haiwezekani mtu wa kijiji cha mbali aje kila asubuhi kuchomwa sindano, alazwe miezi yote 2 ya mwanzo.

Matokeo yalikuwa makubwa: uponyaji ulisogea kutoka takriban asilimia 40 hadi karibu 80. Namba hiyo ndiyo iliyozunguka dunia. Benki ya Dunia ilipouchunguza mpango wa Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1980 iliukuta miongoni mwa huduma za afya zenye tija kubwa kwa fedha kidogo. China ikaanza mradi wake mwaka 1991. Mwaka 1993 Shirika la Afya Duniani likaitangaza TB kuwa dharura ya dunia, na katikati ya muongo huo mfumo ukapewa jina linalojulikana sasa, DOTS, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya matibabu ya muda mfupi yanayosimamiwa kwa macho.

Katika safari hiyo kitu kilipotea. Jina jipya lilibeba mbele ya yote lile tendo la kumwangalia mgonjwa akimeza. Daftari, stoo, pikipiki ya mratibu, zahanati ya kijiji, vyote vilikuwemo katika maelezo, lakini picha iliyobaki vichwani ni muuguzi na glasi ya maji, na mgonjwa akifungua kinywa kuonyesha kimeingia. Jicho la muuguzi lilikuwa sharti la rifampisini, dawa ghali iliyohitaji ulinzi. Likageuka kuwa kana kwamba ndilo lililoponya. Jaribio lililochapishwa mwaka 1998 kutoka eneo la Cape Town, Afrika Kusini, liliwalinganisha waliomeza mbele ya muuguzi kliniki na waliojisimamia: waliofanikiwa walikuwa asilimia 54 kwa wa kwanza na 60 kwa wa pili. Namba zote mbili ni mbaya. Jicho peke yake halikuokoa mtu.

Na kitanda kilikuwa na gharama ambayo haikuandikwa popote katika masanduku sita. Miezi 2 wodini ni miezi 2 bila kulima, bila kuuza, watoto wakiwa kwa bibi. Kwa mwanamke mwenye mtoto mchanga ilikuwa balaa. Ninakubali kwamba kwa miaka ile kilikuwa chaguo la busara, kwani kilimpa mgonjwa chakula, mapumziko na sindano bila nauli. Lakini tuseme wazi kwamba kilifanya kazi kwa sababu vitanda vilikuwepo vya kutosha.

Vitanda vinajaa

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa Kagera. Mwaka huohuo wagonjwa wa TB walioandikishwa nchi nzima walikuwa karibu 12,000. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuwa zaidi ya 60,000. Wodi zilizojengwa kwa wachache zikalazimika kupokea wengi, tena wenye kinga iliyoporomoka, na mpango wa kulaza kila mtu miezi 2 ukashindwa kubebeka.

Thiasetazoni nayo ikageuka. Utafiti wa Nairobi uliochapishwa mwaka 1991 ulionyesha kuwa karibu mgonjwa 1 kati ya 5 wenye virusi vya UKIMWI aliyepewa dawa hiyo alipata madhara ya ngozi, na baadhi waliachwa wamebabuka mwili kama walioungua moto. Wasio na virusi walikuwa kama 1 kati ya 100. Ethambutoli ikachukua nafasi yake. Nimewahi kujiuliza ni wangapi katika safu ya "watoro" wa miaka ile walikuwa wameona ngozi yao inavimba, wakatupa vidonge, na kwa kufanya hivyo wakajiokoa.

Kwa hiyo wagonjwa wakatolewa wodini, lakini sharti la jicho likabaki. Sasa mgonjwa alitakiwa kwenda kituoni kila siku.

Temeke

Mchukue mtu wa Mbagala. Ni mama lishe, amegundulika ana TB, na kituo chenye huduma hakipo mtaani kwake. Awamu ya kwanza ina siku kama 60. Kwenda na kurudi ni safari 120 za daladala, zote asubuhi, saa ambazo chapati na supu ndizo zinazouzika. Wiki ya kwanza anakwenda. Wiki ya tatu kikohozi kimekata, mtaji nao umekata. Hapo mtu hahitaji kuwa mkaidi ili akose siku moja, kisha tatu. Akirudi anakaripiwa dirishani mbele ya wenzake, na hiyo ndiyo siku ya mwisho.

Katika wilaya ya Temeke, jijini Dar es Salaam, watafiti wa Tanzania walilipima jambo hili na matokeo yakachapishwa mwaka 2004. Wagonjwa 587 waligawanywa: 327 wakamezea dawa kituoni kama kawaida, 260 wakasimamiwa mtaani na ndugu au na mtu aliyewahi kuugua TB akapona. Waliofanikiwa matibabu walikuwa asilimia 83 kituoni na 85 mtaani, yaani hakuna tofauti ya maana. Ila ilipokokotolewa gharama mwaka uliofuata, tofauti ikajitokeza. Kumtibu mtu mmoja kwa njia ya kituo kuligharimu dola 145 kwa ujumla, kwa njia ya jamii dola 94, na mzigo wa mgonjwa mwenyewe ulishuka kwa asilimia 72.

Kile cha 72 ndicho ningekibandika ukutani. Mfumo ule ulikuwa umesifiwa duniani kwa unafuu, na sehemu ya unafuu huo ilikuwa inalipwa na mama lishe.

Waliowahi kuugua walileta kitu ambacho muuguzi hana. Mkojo ukitoka mwekundu kwa rifampisini, mgonjwa mpya hudhani ni damu. Jirani aliyepitia hayo husema, "Wangu ulikuwa hivyohivyo, ni dawa," na hofu inaisha mlangoni. Temeke baadaye ikawa na chama cha watu wa aina hiyo, Mukikute, kinachofuatilia wagonjwa na kukusanya makohozi mitaani.

Mwaka 2006 Mpango wa Taifa ulianza kuwapa wagonjwa wa wilaya za majaribio hiari: umeze kituoni, au nyumbani ukiwa na msimamizi unayemchagua mwenyewe, huku dawa mkizichukua kituoni kwa vipindi. Wengi walichagua nyumbani, na matokeo hayakushuka. Utaratibu ukaenezwa nchi nzima. Baadaye dozi yenyewe ikawa ya miezi 6, dawa nne za awamu ya kwanza zikiwa ndani ya kidonge kimoja.

Nisipambe. Msimamizi wa nyumbani naye anaweza kusaini kadi kwa siku tano alizokuwa msibani. Mke aliyewekwa kumsimamia mume asiyesikilizwa na mtu hana mamlaka yoyote juu ya kile kidonge. Mpangaji wa chumba kimoja hataki mwenye nyumba ajue, kwa hiyo anamtaja msimamizi asiyekuwepo, na kadi inajaa tiki nzuri. Mambo haya hayaonekani kwenye karatasi, yanaonekana makohozi ya mwezi wa 2 yanaporudi bado yana vijidudu. Ndiyo maana kumpa mgonjwa hiari kulifanya kazi pale tu ambapo daftari, maabara na mratibu walibaki palepale. Kilichoondolewa ni safari 120.

Mererani

Mahali ambapo mfumo huu bado unayumba pako wazi: machimboni. Wanaapolo, yaani wachimbaji wadogo, wa Mererani, wilayani Simanjiro, huchimba tanzanaiti katika vumbi la mwamba ambalo huharibu mapafu na kuyafungulia TB mlango. Hawana mshahara wa mwezi. Wanalishwa na mwenye mgodi na kusubiri mgawo jiwe likitoka, hivyo anayetoka shimoni kwenda kliniki anaweza kukosa siku ambayo wenzake walingoja mwaka mzima. Msimamizi wake wa dozi, kama yupo, ni mwenzake wa geto, ambaye naye yuko chini zamu nzima. Wenye usugu wa dawa hupelekwa Kibong'oto, Kilimanjaro, hospitali iliyoanza kama sanatoria enzi za Mwingereza.

Na mwanaapolo huhama. Akisikia dhahabu imetoka Geita au Chunya, anaondoka usiku na begi dogo, pengine na vidonge vya wiki moja. Masanduku sita ya mwaka 1977 yalichorwa kwa mkulima mwenye kijiji na wilaya anayorudi baada ya mavuno. Kwa mchimbaji lililobaki ni lile la sita, amehamishiwa kwingine, na miaka mingi liliweza kufanya jumla ilingane ilhali hakuna aliyejua kama mtu yule amepona. Tangu mabadiliko ya 2013 aliyehamishwa bila majibu kujulikana huhesabiwa kama ambaye matokeo yake hayajatathminiwa, na huipunguzia wilaya alama. Mratibu ana sababu ya kuchukua simu na kuuliza kituo cha huko kama kuna kijana kutoka Mererani aliyefika na kadi. Mara nyingine kadi hiyo imebaki geto.